Siku ya kukabidhiwa mtoto: kwa nini moyo huchelewa kufika

Chumba chenyewe huwa cha kawaida tu: meza, viti vichache, mafaili, picha ya kiongozi wa nchi ukutani. Wazazi wamekaa na begi la nguo walizonunua kwa kukisia ukubwa wa mtoto. Mlango unafunguliwa, mlezi anaingia amembeba mtoto wa miaka miwili. Maneno machache yanapita kwa mkalimani, karatasi inatiwa saini, kisha mtoto anatolewa mikono hii na kuwekwa kwenye mikono ile. Anajipinda mgongo. Analia mpaka sauti inamkauka. Pembeni mtu anahimiza wapige picha, na mama mpya anatabasamu huku moyoni akijiuliza swali ambalo hatamwambia mtu kwa muda mrefu: mbona sihisi chochote?

Safari ya kwenda nchi nyingine kuasili mtoto, yaani kumfanya wako kisheria, husimuliwa kama mwisho mtamu wa kusubiri. Maelekezo yanayotolewa kwa wingi ni ya viza, tafsiri za vyeti, mihuri na tarehe za mahakama. Lakini wengi hawaangushwi na karatasi. Wanaangushwa na jambo ambalo hawakuandaliwa nalo: kwamba sheria, mzazi na mtoto kila mmoja ana saa yake. Sheria humfanya mtu mzazi kwa asubuhi moja. Mzazi alianza kupenda zamani, ila aliyempenda ni picha. Mtoto ndiyo kwanza anaanza, tena anaanza kwa kupoteza kila alichokijua. Karibu hisia zote ngumu za safari hii zinatokana na kudhani kwamba saa hizo tatu zitagonga pamoja.

Kupenda picha

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa wanaoasili, hata hiyo mimba ni kazi, maana haina mwezi wa tisa. Nyumba yao inakaguliwa, mapato yao, afya yao, ndoa yao, hata namna wao wenyewe walivyolelewa. Kisha jalada lao linaingia kwenye foleni wasiyoiona. Siku moja inakuja picha, pengine mbili, na ukurasa wa taarifa: uzito, urefu, chanjo, sentensi moja kwamba mtoto ni mchangamfu. Picha hiyo inageuka mtu. Anapewa jina, anabandikwa ukutani, anaombewa kila usiku. Watakapomkuta atakuwa amezidi miezi kadhaa, kanyolewa nywele, mashavu yamepungua, na hataki kuguswa. Wapo wanaoona aibu kukiri kwamba siku ile ya kwanza walikuwa bado wanamtafuta yule wa kwenye picha.

Sheria yenyewe inachangia umbali huu, na kwa sababu nzuri. Mkataba wa The Hague kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, uliopitishwa tarehe 29 Mei 1993 na ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 100, unakataza wazazi watarajiwa kuwasiliana na wazazi wa mtoto au wanaomlea kabla ridhaa zinazotakiwa hazijathibitishwa, isipokuwa pale watu wanapokuwa ndugu au mamlaka zimeruhusu. Lengo ni kuzuia pesa na ahadi za pembeni. Matokeo yake kwa moyo ni mapenzi yanayokua upande mmoja, bila mtu wa kuyajibu.

Kwingine kulikuwa hakuna hata picha. Ukraine, kabla ya vita vya 2022 kusimamisha shughuli hiyo, mgeni alipanda ndege kwenda Kyiv bila kujua mtoto ni yupi, akaketi mbele ya ofisa na kuonyeshwa mafaili hapo hapo. Fikiria kazi hiyo. Unafungua faili la kwanza, unalifunga, unafungua la pili. Ulichokifunga ni mtoto. Hata aliyempata aliyemtaka aliondoka na wale aliowaacha mezani, na hilo ni deni ambalo hakuna stakabadhi inayolifuta.

Juu ya hayo kuna hofu kwamba mlango utafungwa usoni, na hiyo si hofu ya kuwaza tu. Urusi iliwapiga marufuku Wamarekani kuasili watoto wake kuanzia tarehe 1 Januari 2013. Baadhi ya familia zilikuwa zimeshaonana na watoto na kuwaahidi kurudi. Septemba mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kutoka nchini, hata kwa wale ambao mahakama ilishawapa wazazi wapya, na kusubiri kukaendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Ethiopia ilifunga mwaka 2018. China, iliyokuwa imetoa watoto zaidi ya 160,000 tangu 1992, ilitangaza mwaka 2024 kwamba basi, isipokuwa kwa ndugu wa karibu, na mamia ya familia zilizokwisha kuoanishwa na watoto zikabaki na picha.

Msiba wa aina hiyo hauna matanga. Hakuna aliyekufa, na majirani hawajui waje kutoa pole ya nini. Mtaalamu wa saikolojia ya familia Pauline Boss alianza kuuchunguza upotevu wa namna hii miaka ya 1970, akitazama familia za wanajeshi waliopotea vitani: mtu hayupo, lakini hakuna ruhusa ya kusema ameondoka. Mzazi ambaye mtoto wake yuko hai, ana jina, ana kitanda kinachomngoja, na hataletwa kamwe, yumo humo humo.

Ukiwa mgeni, kila mtu ni mkubwa wako

Wanaosafiri huwa watu wazima waliozoea kuendesha mambo yao. Wakifika ugenini wanageuka watoto. Hawajui lugha, hawajui desturi za ofisi, hawajui kama ofisa amekasirika au ndivyo alivyo. Dereva wa wakala anayesimamia kuasili anawaambia kaeni hotelini, mtapigiwa simu. Simu hailii. Kesi imeahirishwa kwa sababu muhuri mmoja umekosewa, au jaji yuko likizo. Hasira haina pa kwenda, maana kila mtu ambaye ungemkasirikia ndiye aliyeshika hatima ya mtoto wako. Basi wengi humalizia kwa wenza wao. Ukitaka kujua kwa nini wanandoa wanaopendana hugombana kuhusu chaja ya simu katika chumba cha hoteli saa tisa usiku, jibu ni hilo.

Na mahali ambapo utaratibu unataka safari mbili au tatu, kuna siku moja inayozidi zote kwa uzito, nayo ni ya katikati. Mmeonana na mtoto siku kadhaa, ameanza kukubali kukaa karibu, halafu mnatakiwa kurudi kwenu kungoja tarehe ya mahakama. Mtoto wa miaka mitatu haelewi tarehe ya mahakama. Anachokijua ni kwamba watu hawa nao wameondoka kama wengine.

Mtoto haendi, anaondolewa

Kwa mzazi siku ya kukabidhiwa ni ya kufika. Kwa mtoto ni ya kuondolewa. Mlezi aliyemlisha, kitanda chake katika safu ya vitanda, harufu ya sabuni ile ile, mlio wa mlango, lugha: vyote vinakatika kabla ya chakula cha mchana. Watu waliomchukua wana sura asizozijua, manukato makali, na wanasema maneno yasiyo na maana.

Yule anayelia kwa nguvu ndiye anayewatisha wazazi zaidi, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili kuwatia moyo. Anaomboleza. Maana yake alikuwa na mtu wa kumlilia. Aliyewahi kushikamana na mlezi mmoja anajua kushikamana ni nini, na anaweza kujifunza tena. Hili lina msingi. Daktari wa Uingereza John Bowlby alieleza tangu katikati ya karne iliyopita jinsi kifungo cha mtoto na mlezi wake kinavyokuwa hitaji sawa na chakula, na Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye, alikwenda miaka ya 1950 kutembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Aliona kwamba mtoto hutumia mama kama kituo: anatambaa kwenda mbali, anageuka kuangalia kama yupo, anaendelea. Mwondoe mama na uchunguzi wote wa dunia unasimama.

Wa kuangaliwa kwa makini ni wengine wawili. Kuna yule anayenyamaza. Analala, anakula anachopewa, hatoi chozi, hatazami mtu machoni. Ndugu nyumbani wanaambiwa kwa simu kwamba mtoto ni mpole ajabu. Mara nyingi huo si upole. Ni mwili uliojizima kwa sababu mambo yamezidi. Akizinduka, baada ya siku kumi au mwezi, kilio kinakuja kwa mkupuo na wazazi wanadhani wameharibu kitu. Na kuna yule anayemkimbilia kila mtu: anamkumbatia mhudumu wa hoteli, anampa mkono mgeni kwenye lifti, anamwita mama mwanamke yeyote. Inapendeza kutazama siku ya kwanza. Siku ya tano inauma, kwa sababu mzazi anatambua kwamba kumbatio alilopata lilikuwa la wote.

Tabia hiyo imechunguzwa sana kwa watoto waliokulia katika vituo vyenye walezi wachache na wa kubadilishana zamu. Mradi mmoja mkubwa ulianza Bucharest, Romania, mwaka 2000 na kuwafuatilia watoto 136. Nusu yao walihamishiwa kwa familia za malezi, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Waliohamishwa walipata nafuu katika mengi, na katika suala la kujenga kifungo na mlezi, waliotoka vituoni kabla ya kufika kama miaka miwili walinufaika zaidi. Baadhi waliendelea kuwakimbilia wageni hata baada ya kupata familia. Mzazi anayejua hili kabla ya kupanda ndege hatalichukua kama tusi.

Jambo jingine dogo linalovunja mioyo: mtoto huchagua. Kati ya wazazi wawili anamng'ang'ania mmoja na kumkataa mwingine kabisa, mpaka anapiga kelele akisogelewa. Aliyekataliwa anabeba mabegi, anaosha chupa, anapanga foleni ubalozini, na usiku analia bafuni akiwa amefungulia maji. Aliyechaguliwa naye hawezi hata kwenda msalani peke yake. Hakuna anayemwonea mwenzake huruma, kwa kuwa kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye bahati. Mara nyingi hupita ndani ya wiki au miezi. Ukiwa ndani yake huoni kama kuna kupita.

Kile kisichosemwa

Turudi kwa yule mama wa mwanzo, asiyehisi chochote. Amelala kwa muda wa saa nne tu katika siku mbili, mwili wake bado uko kwenye majira ya kwao, amekabidhiwa mtu asiyemfahamu anayemwogopa. Upendo wa papo hapo katika hali hiyo hutokea kwa wengine na si kwa wengine. Wapo wanaohisi hofu tu. Wapo wanaojikuta wakiwaza, japo kwa sekunde, kwamba wamekosea na wangependa kurudi nyumbani peke yao. Wapo wanaomtunza mtoto kwa bidii kama yaya mwaminifu na kungoja hisia zije zenyewe. Huja, kwa wengi, kwa mlango wa nyuma: siku mtoto anapougua, au anapojificha nyuma ya pazia akitaka mzazi amtafute.

Kwa wengine inageuka sonona, huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka 1995 mwandishi na mtaalamu wa masuala ya kuasili June Bond aliipa jina sonona ya baada ya kuasili, na tangu hapo imetambuliwa kuwa inawapata wanawake na wanaume pia. Hakuna homoni za uzazi za kulaumu. Kuna uchovu, kuna matarajio yaliyojengwa kwa miaka, na kuna upweke wa kutoweza kulalamika. Atalalamikaje? Ni yeye aliyeomba, akachangisha, akawaaga watu kwa shangwe. Na afisa wa ustawi wa jamii bado anakuja kukagua na kuandika ripoti ambazo nchi ya mtoto inazidai kwa miezi au miaka. Kumwambia afisa huyo kwamba "nalia kila asubuhi" kunaonekana kama kujichongea. Basi anajikaza, na kujikaza huko ndiko kunakomwangusha. Ukweli ni kwamba afisa mzuri huogopa zaidi nyumba ambayo kila ripoti inasema mambo ni shwari.

Shaka si ya kutulizwa

Hapa natofautiana na washauri wengi. Hisia nyingi za safari hii zinahitaji muda, usingizi na mtu wa kusikiliza. Moja haihitaji kutulizwa, inahitaji kufuatwa: shaka kwamba kuna kitu hakiko sawa kwenye habari za mtoto.

Umri kwenye cheti haulingani na meno. Mtoto aliyeandikwa yatima anamtaja mama yake kana kwamba alimwona juzi. Mkalimani anafupisha majibu marefu ya mlezi kwa neno moja. Mtu anadai pesa taslimu ambazo hazikuwa kwenye orodha. Mzazi aliyesubiri miaka minne, amemshika mtoto, tiketi ya kurudi iko mfukoni, ana kila sababu ya kujiambia kwamba ni uchovu tu. Historia haimuungi mkono. Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya Korea Kusini ilieleza jinsi watoto walivyopelekwa nje kwa kumbukumbu zilizoghushiwa, wengine wakiandikwa hawana wazazi ilhali wazazi walijulikana. Nchi hiyo ilipeleka nje watoto zaidi ya 140,000 katika miongo iliyofuata vita vyake. Uholanzi ilisimamisha kuasili kutoka nje Februari 2021 baada ya kamati ya uchunguzi kukuta dhuluma za muda mrefu katika nchi kama Sri Lanka, Bangladesh na Colombia. Guatemala ilisimamisha maombi mapya mwishoni mwa 2007 kufuatia kashfa za watoto kununuliwa na kuibwa.

Mkataba wa The Hague unataka ridhaa ya wazazi iwe ya hiari, isinunuliwe, na ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa. Unataka pia kwanza itazamwe kama mtoto anaweza kubaki na familia yake, kisha kupata familia ndani ya nchi yake, ndipo nje. Kwenye karatasi ni wazi. Lakini katika jamii nyingi duniani kumpeleka mtoto akalelewe na mwenye uwezo hakukati undugu. Mtoto huenda, husoma, hurudi. Mama aliyeweka dole gumba kwenye fomu akielewa hivyo hajaridhia kile ambacho jaji amekiandika. Swali la kuuliza kupitia mkalimani asiye wa wakala, kabla ya saini, ni jepesi: mama wa mtoto anategemea nini kitokee baada ya miaka kumi?

Ndiyo maana wanaopata nafasi ya kuonana na mama mzazi huitaja kama saa ngumu kuliko zote, na wengi huitaja pia kama saa wasiyoijutia. Wanakaa pande mbili za meza, wote wakilia, na kila mmoja anajua furaha ya upande huu imetoka upande ule. Hakuna cha kusema kinachotosha. Kiswahili kinaiita kazi hii kuasili, na ndani ya neno hilo limo neno asili. Mahakama inampa mtoto asili ya pili: jina, uraia, cheti. Ya kwanza imekaa hapo mbele ya meza, imevaa gauni lake zuri, inauliza kama kuna baridi huko anakopelekwa.

Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Ya vitendo si mengi. Asafiri mtu wa tatu kama inawezekana, ambaye kazi yake ni mabegi na simu. Taarifa kwa ndugu zitumwe na mtu mmoja, mara moja kwa siku, ili wazazi wasilazimike kuigiza furaha kila wanapopokea simu. Watoto waliobaki nyumbani waambiwe kwamba mdogo wao anaweza kulia wiki nzima. Maneno ishirini ya lugha ya mtoto yajifunzwe mapema, na yasiwe ya salamu. Yawe maji, inauma, nipo, usingizi, basi. Mapokezi ya uwanja wa ndege yenye maputo na watu thelathini yafutwe. Mtoto akificha chakula chini ya mto, asinyang'anywe.

Mlezi aulizwe kila kitu, na majibu yaandikwe: analala upande gani, anabembelezwa kwa wimbo gani, alikuwa anacheza na nani, nani alimpa jina. Mtoto huyu atakuja kuuliza akiwa na miaka kumi na miwili, na huenda daftari hilo ndilo litakalokuwa na majibu peke yake.

Na kuna suala la nguo. Aliyokuja nayo mara nyingi ni chakavu, wala si yake; wameivaa wengine kabla. Usiku wa kwanza wazazi huivua, humwogesha, na kuitupa, kwa nia njema. Kama kituo kinaitaka irudi, na vingine hutaka kwa kuwa kuna watoto wanaoingoja, waombe kubadilishana na mpya. Isifuliwe. Iwekwe chini ya shuka, karibu na kichwa chake. Kwa wiki mbili tatu chumba kitanuka mahali ambapo hao wazazi hawajawahi kuishi, na mtoto atakipeleka kitambaa puani, atavuta pumzi, atalala.